Mwongozo wa Kuishi na Vyuma Vikaidi

Alumini humpa kila mtu kiburi. Ukiwa na mashine ya CNC, kisu chenye makali na donge la alumini kwenye jiliwa, unaonekana bingwa hata kama umeanza kazi juzi: maranda yanaruka, uso unang'aa, mteja anapiga picha. Chuma laini nacho kinasamehe mengi. Kisha siku moja anaingia mtu na shafti ya stenlesi, au taya la mashine ya kuvunja kokoto, au kipande cha kijivu, chepesi kuliko kinavyoonekana, kimefungwa kwenye gazeti. Anasema, "Fundi, hii kazi ndogo tu." Kazi hiyo ndogo ndiyo inayomaliza visu vya mwezi mzima.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Tutawacheka watu watatu njiani: fundi mwoga, bosi mwenye haraka na mteja asiyejua alicholeta. Tunawacheka kwa haki, maana hao ndio wavunjaji wa visu. Chuma chenyewe hakina hila. Kina tabia, na tabia hujulikana. Kanuni ya kuishi nacho ni fupi: zungusha taratibu, ng'ata kwa uhakika, usisugue.

1. Uliza jina kabla ya bei

Mteja akiulizwa ameleta chuma gani, atajibu "chuma kigumu" au "kile cha Ujerumani". Hayo si majina. Dai cheti cha chuma. Kikikosekana, peleleza mwenyewe kabla mashine haijawashwa.

Anza na sumaku. Stenlesi ya 304, yenye kromiamu asilimia kama 18 na nikeli asilimia kama 8, kwa kawaida haivutwi na sumaku; ikikunjwa au kuvutwa ikiwa baridi ndipo huanza kuvutwa kidogo. Ndugu yake 316 ana molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na tabia ni ileile. Yupo pia 303, aliyetiwa salfa makusudi ili maranda yakatike mafupi. Huyo ni kipenzi cha fundi wa lezi, lakini hapendi kuchomelewa na anashika kutu upesi kuliko wenzake. Kwa hiyo mteja wa tangi la maziwa akiagiza kifaa cha 316, usimpe 303 kwa sababu tu inachongeka vizuri. Fundi anayefanya hivyo hujiita mjanja; jina lake halisi ni mwizi.

Ukikuta kipande kizito cha kumiminwa, kimetoka kwenye mashine ya kuvunja mawe, na sumaku haikishiki, shuku chuma cha manganizi. Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, alikivumbua mwaka 1882, na mpaka leo kinatengenezwa kwa manganizi asilimia 11 hadi 14. Kipo kwenye mataya ya kusagia mawe na kwenye njia panda za reli, mahali panapopigwa kutwa kucha.

Kile kipande chepesi cha kijivu kipime. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu kama 7.85, ya titani ina kama 4.4, ya alumini 2.7. Kiguse kidogo kwenye jiwe la kusagia: titani hutoa cheche nyeupe kali zinazoumiza macho. Wasomaji wa pwani ya Kenya wanayajua madini yake, maana mchanga wa Kwale ulichimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 kwa ajili ya ilmenaiti na rutaili, ambazo ndizo asili ya titani. Sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kuta, si kwenye jiliwa lako. Lakini aloi maarufu, yenye alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, hukufikia kwa njia nyingine: boliti ya mashine ya baharini, kipuri cha pikipiki ya mashindano, kifaa cha hospitali.

Wa mwisho ni jamii ya aloi za nikeli, na mkubwa wao ni Inconel 718. Mitambo ya umeme ya gesi, kama ile ya Kinyerezi, Dar es Salaam, inategemea aloi za jamii hii kwenye sehemu zinazokaa motoni. Zilibuniwa zisilegee zikipata joto kali, na huo ndio msiba wa fundi: kisu kinapolegea kwa joto, chuma bado kimesimama wima.

2. Jua hasira ya kila mmoja

Tabia ya kwanza ni kujikaza. Stenlesi, manganizi na aloi za nikeli hufanya kama kiganja cha mkulima: ukikisugua kinaota sugu. Kisu kinachopita juu bila kukata kinaacha ngozi ngumu kuliko chuma kilichokuwepo, na mkato unaofuata unakutana na ngozi hiyo. Chuma cha manganizi ndicho bingwa: kinaanza na ugumu wa Brinell wa kama 200, na kikipondwa vya kutosha uso wake unapita 500.

Tabia ya pili ni kubana joto. Chuma cha kawaida hupitisha joto mara saba hivi kuliko aloi ya titani. Unapokata chuma cha kawaida, sehemu kubwa ya joto huondoka na maranda. Kwenye titani joto halina pa kwenda, hivyo linakusanyika kwenye ncha ya kisu, mahali pembamba kuliko unywele. Kazi ukiigusa unaikuta vuguvugu tu, kumbe ncha imeshaungua.

Tabia ya tatu ni kunata. Stenlesi na titani hupenda kujichomelea kwenye makali ya kisu. Kipande kilichonata kikibanduka kinaondoka na kabaidi yako. Titani ina na ya nne: inanesa. Ugumu wake wa kupinda ni nusu tu ya ule wa chuma. Kisu kikiisukuma inakwepa, kikipita inarudi mahali pake na kuanza kusugua mgongo wa kisu. Ukuta mwembamba wa titani unaweza kukupa kipimo kimoja juu na kingine chini, na wewe ukabaki unailaumu programu.

3. Spidi: hapa pekee ndipo polepole ndio mwendo

Bosi mwenye haraka hutazama spindo. Akiona inazunguka taratibu, anadhani fundi amelala. Mpe hesabu. Spidi ya kukata hupimwa kwa mita kwa dakika. Izidishe kwa 1,000, kisha ugawe kwa kipenyo cha kisu kilichozidishwa kwa 3.14. Kwa titani na kisu cha kabaidi, mita 40 hadi 60 kwa dakika ni mahali salama pa kuanzia. Kisu cha milimita 10 kwa mita 50 kitazunguka kama mara 1,590 kwa dakika. Bosi akidai mizunguko 5,000, anadai mita 157 kwa dakika; kisu hakitamjibu kwa maneno, kitamjibu kwa moshi. Kwa Inconel 718 shuka zaidi, mita 25 hadi 40.

Jambo hili si la kubahatisha. Mmarekani Frederick Taylor alikata vyuma kwa majaribio kwa miaka 26, akatoa matokeo yake mwaka 1906, na kanuni yake ya maisha ya kisu inatumika hadi leo. Kwa visu vya kabaidi inasema takriban hivi: punguza spidi kwa asilimia 20, na kisu kitaishi zaidi ya mara mbili. Hakuna duka litakalokupa punguzo kubwa namna hiyo. Fundi anayekataa kugusa kitufe cha spidi, halafu analalamika kwamba kabaidi za siku hizi ni feki, anajinyima haki yake mwenyewe.

Wapo wanaokwenda kinyume na wakafaulu: kwenye aloi za nikeli hutumia visu vya seramiki kwa mita 200 kwa dakika na zaidi, tena bila maji, ili joto lilainishe chuma mbele ya kisu. Hao wana mashine nzito, spindo imara na kazi isiyotikisika. Kwenye mashine inayotetemeka, seramiki hupasuka mara inapogusa.

4. Fidi: acha woga

Hapa ndipo mafundi wazuri wanapopotea. Mkono ukishahofia chuma, unapunguza kila kitu: spidi, kina cha mkato na fidi, yaani mwendo wa kisu kuingia kwenye chuma. Kupunguza spidi ni busara. Kupunguza fidi mpaka kisu kinapapasa ni kuomba balaa.

Tazama mtu anavyotoboa bamba la 304 kwa biti ya milimita 8. Milimita mbili za kwanza zinaenda vizuri, nyuzi mbili ndefu zinatoka pande zote mbili za biti. Kisha anasikia mlio mdogo, anaogopa, analegeza mkono. Nyuzi zinakatika. Sasa linatoka vumbi tu, halafu hata vumbi halitoki. Biti inalia kama filimbi na ncha inageuka samawati. Anaitoa, anachungulia, na chini ya tundu anaona duara linalong'aa, laini, safi. Amelisugua likaota ngozi ambayo biti ile haitaipenya tena, hata akiilalia kwa uzito wa mwili wake wote.

Dawa ni kuanza sawa. Chukua biti ya kobalti iliyonolewa, yenye ncha ya digrii 135. Kwa mita 12 kwa dakika, milimita 8 inataka mizunguko kama 480. Ipe fidi ya milimita 0.12 kwa kila mzunguko, yaani milimita 57 hivi kwa dakika, na usisimame katikati. Nyuzi zikiendelea kutoka, uko salama. Kama tundu limeshaota ngozi, achana na biti iliyochoka. Ingia na mpya ya kabaidi kwenye mashine iliyokaza, kwa fidi thabiti, uvuke ngozi kwa mara moja.

Kwenye milingi woga hujificha ndani ya programu. Kisu kikila pembeni kwa upana mdogo kuliko nusu ya kipenyo chake, unene wa randa unakuwa mdogo kuliko ulioandika. Kikila asilimia 10 tu ya kipenyo, randa linatoka na asilimia 60 ya unene uliokusudia. Umeandika milimita 0.05 kwa kila jino, kisu kinakata 0.03. Kwa kisu chetu cha milimita 10 chenye meno manne, fidi ya milimita 318 kwa dakika inapaswa kupanda hadi kama 530 ili mkato uwe ule ule uliokusudia. Bosi ataona mashine inakimbia na atafurahi. Mwache afurahi, safari hii kwa sababu sahihi.

5. Ingia kwa adabu, toka kwa adabu

Usikivamize kisu kwenye ukuta wa kazi kwa mstari ulionyooka. Kiingize kwa tao, ili mzigo uongezeke kidogo kidogo. Na panga njia ili kila jino lianze na sehemu nene ya randa na kumalizia nyembamba. Ukifanya kinyume, jino linaanza kwa kusugua kabla ya kung'ata, na tumeshajua kusugua kunazaa nini.

Futa G04 zisizo na kazi. Amri hiyo inakiacha kisu kikizunguka mahali pamoja, kikipaka ngozi ngumu chini ya mfuko. Na kudonoadonoa tundu fupi la stenlesi, kwa kuinua biti kila nusu milimita, ni tabia ya fundi mwoga iliyopewa namba ya G83. Tundu refu linahitaji biti itolewe ili maranda yatoke. Tundu fupi linahitaji biti iende mpaka mwisho.

Ukikata nyuzi za M10 za kawaida, jedwali linasema toboa 8.5. Kwenye chuma kikaidi toboa 8.6. Nyuzi zinabaki na kimo cha asilimia kama 72 badala ya 77, bado ndani ya kipimo kinachokubalika, na tapu inapumua. Tapu iliyokatikia ndani ya kifaa cha titani ni hasara mbili kwa pamoja.

Kwa Inconel kuna mtego mmoja zaidi. Kisu huliwa pembeni, pale hasa uso wa kazi unapokutana nacho, kwa sababu ndipo ngozi ngumu ilipo. Badilisha kina cha mkato kutoka mpito mmoja hadi mwingine, ili jeraha lisikae mahali pamoja. Kabaidi ya duara au yenye pembe ya digrii 45 husaidia zaidi.

6. Shika kwa nguvu, shika kwa karibu

Kisu kilichochomoza mara mbili zaidi ya kinavyohitajika hupinda mara nane zaidi kwa mzigo uleule. Si mara mbili, mara nane. Kwa hiyo fundi anayeacha kisu kimening'inia nje ya holda "ili kifike vizuri" anajitengenezea mtetemo wake mwenyewe. Kirudishe ndani mpaka kibaki kile tu kinachofanya kazi. Ukiweza, panda kutoka milimita 10 hadi 12: unene huo mdogo unaongeza ukakamavu zaidi ya maradufu. Safisha koleti, kaza jiliwa, na ukuta mwembamba ukate kwa hatua, pande zote mbili kwa zamu, wakati bado una nyama ya kujishikilia.

7. Maji, na maji yasiyotakiwa

Maji ya kupoozea yaliyochujuka hadi rangi ya maji ya mvua hayapoozi chochote cha maana. Kwa vyuma hivi weka mafuta ya kuchanganya asilimia 8 hadi 10, pima kwa kipimo chake, na elekeza mkondo kwenye makali, si kwenye kioo cha mlango. Yakija, yaje mfululizo. Kabaidi inayopata moto, kisha tone, kisha moto, hupasuka.

Sasa lisilo na mzaha hata kidogo: maranda membamba ya titani yanawaka. Yakishika moto, usimwage maji. Titani inayoungua inavunja maji na kutoa haidrojeni, na moto unageuka mlipuko. Kaa na mchanga mkavu au kizima moto cha kundi D, na ondoa maranda kila zamu badala ya kuyaacha yajae chini ya mashine.

Hata wakubwa walisumbuliwa na titani. Kampuni ya Lockheed, ilipojenga ndege za upelelezi A-12 na baadaye SR-71 katika miaka ya 1960, ilianza na biti zilizotoboa matundu 17 zikafa. Mwishoni walikuwa na biti za matundu 100 zinazoweza kunolewa tena. Viungo vyao vya kuchomelea vilikuwa vikipasuka kwa msimu, mpaka ikabainika kwamba mji wa Burbank, palipokuwa na kiwanda chao, ulikuwa ukitia klorini wakati wa kiangazi kwenye maji ya bomba waliyooshea vipande hivyo. Wakahamia maji yaliyochujwa kwa mvuke. Spana zilizopakwa kadmiamu nazo ziliharibu boliti, zikaondolewa kwenye masanduku ya mafundi. Kwa hiyo ukiambiwa titani haitaki maji ya kupoozea yenye klorini wala vifaa vichafu, usidhani ni madaha.

8. Taja bei, na ujue kukataa

Kazi ya Inconel haiwezi kuwa na bei ya chuma laini. Hesabu visu, hesabu saa, hesabu kipande kimoja kitakachoharibika, kisha taja bei bila kuomba radhi. Mteja akisema jirani anafanya kwa nusu, mwombee jirani.

Na kuna kazi za kukataa. Taya la manganizi halikuzaliwa kuchongwa. Linamiminwa karibu na umbo lake na kumaliziwa kwa jiwe la kusagia. Tundu la pembe kali kwenye chuma kilichokwishatiwa ugumu ni kazi ya mashine ya kukata kwa umeme. Fundi anayejua kusema "hii si ya milingi" anamwokolea mteja pesa na anajiokolea jina.

Mwisho, kaa na daftari kando ya mashine. Andika chuma, kisu, spidi, fidi, maji, na kisu kilikufaje. Saidia fundi akiuliza kwa nini spindo inazunguka taratibu huku fidi imepanda, usimjibu "ndivyo inavyofanywa". Mfungulie daftari, mwonyeshe hesabu, mpe kisu, asimamie mkato wa kwanza mwenyewe. Karakana zetu hazikosi vipaji. Zinakosa mafundi walio tayari kueleza.